UKURASA WA VIJANA: Nguvu ya karate na judo pasipo vyuma



Swali la mwezi huu tunalisikia kila pahali, toka Kipushi mpaka Kolwezi, kupitia Likasi na Fungurume. Kijana anajifunza karate, ao judo, ao ngumi, mara mbili ao tatu kwa juma. Sale yao ni chumba cha masomo kilichoondolewa mabanki, ao kiwanja cha nyuma ya kanisa. Chini wanatandika mifuko na makarto. Vyuma vya kunyanyua hakuna hata kimoja. Basi anauliza: "Yaya, nguvu nitaitosha wapi? Ba kule mujini biko na vyuma, sisi tuko na nini?" Wengine hata hawangojei jibu. Wanatafuta makopo mawili ya rangi, wanayajaza simenti, wanachomeka bomba katikati, na kesho yake mgongo unakataa kuamka.

Jibu letu ni hili: kwa miaka miwili ao mitatu ya kwanza, uzito unaokutosha unao tayari, ni mwili wako mwenyewe. Mwalimu mwenye akili atakuambia vilevile. Lakini hapa ndipo vijana wengi wanapopotea: wanafikiri kuutumikisha mwili ni kuhesabu tu. "Mi nafanya mapompe mia mbili!" Muzuri. Mapompe ya namna gani? Tumeona mia mbili ambayo tumbo linaanguka, kichwa kinapigapiga kama cha kuku anayekula muhindi, na mikono haikunjwi hata nusu. Huyo anachoka bure.

Tuanze na mtu mmoja wa zamani. Katika Punjab, katika India ya wakati wa Waingereza, alizaliwa mwaka 1878 mtoto jina lake Ghulam Mohammad, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Gama. Alikuwa mpiganaji wa miereka. Mwaka 1910 alivuka bahari mpaka London kutafuta wakubwa wa Ulaya na Marekani. Alimwangusha Mmarekani Benjamin Roller. Kisha, tarehe 10 Septemba 1910, akapambana na Stanislaus Zbyszko, mtu wa Poland, mzito kumpita. Zbyszko aliona hatari, akalala kifudifudi, akashikamana na ardhi. Wakakaa hivyo zaidi ya saa mbili, mmoja anavuta, mwingine anakataa kugeuzwa. Wakapanga kurudiana juma lililofuata, lakini Zbyszko hakuonekana, na mkaja wa ushindi ukapewa Gama. Walikutana tena India, mjini Patiala, mwaka 1928. Safari hii haikufika hata dakika moja, Zbyszko akawa chini. Gama alikuwa na karibu miaka hamsini.

Nguvu ile aliijenga kwa nini? Gama alitumia pia mawe mazito na marungu ya kikwao, hatufichi. Lakini msingi wa wapiganaji wote wa kule ulikuwa mazoezi mawili yasiyolipiwa feza. La kwanza wanaliita dand. Unaweka mikono na miguu chini, kiuno juu kama mlima, kisha unatelemsha kifua karibu na udongo, unapita mbele kama mtu anayepenya chini ya waya wa lupango, unainua kichwa na kifua, halafu unarudi juu. La pili ni bethak: kuchutama na kusimama, mikono ikisaidia mwendo. Hesabu wanazotaja juu ya Gama ni maelfu kwa siku moja. Usizifuate. Alianza angali mtoto, na kazi yake ilikuwa hiyo tu: alilishwa nyumbani mwa wafalme, akifanya mazoezi, akila, akilala. Wewe unaenda masomo, unachota maji, na pengine jana usiku mlikula mara moja tu.

Sasa tuingie katika mapompe yenyewe. Kuna jambo ambalo vijana wengi hawajui, na unaweza kulipima mwenyewe kama dispansere ya kartie ao muuza unga atakubali uweke mikono yako juu ya mizani yake. (Osha mikono kwanza.) Lala katika hali ya pompe, mikono juu ya mizani, miguu chini, mwili umenyooka. Kijana wa kilo 60 ataona mizani inasema karibu kilo 38. Akiweka magoti chini, itakuwa karibu kilo 30. Akiweka mikono juu ya kitu cha urefu wa santimeta 60, kama banki ao ukuta mfupi, haifiki hata kilo 25. Na akiweka mikono chini na miguu juu ya kile kitu cha santimeta 60, inapanda mpaka karibu kilo 44. Umeona? Ni mwili ule ule, lakini una vyuma vine mbalimbali. Yule wa mjini anaongeza chuma, wewe unabadilisha pahali pa mikono na miguu.

Kwa hiyo binti ambaye hawezi pompe hata moja asisikie haya. Aanze na mikono juu ya banki. Akifikisha ishirini mazuri, mikono ishuke juu ya matofali mawili, kisha chini. Kwa kweli wasichana wengi wanaofuata njia hii polepole wanafanya mapompe safi kuliko kaka zao waliorukia ya chini siku ya kwanza. Na kijana anayefanya thelathini safi asiende kutafuta mia. Apandishe miguu juu ya tofali, ao ashuke kwa segonde tatu, akae chini segonde moja bila kugusa udongo, ndipo apande. Hayo thelathini yatakuwa kumi. Yale kumi ndiyo yanajenga nguvu. Kutoka thelathini kwenda mia kunajenga zaidi uvumilivu wa mikono, nao ni kitu kizuri, lakini ni kitu kingine.

Pompe safi ni hivi: mikono chini ya mabega ao kupita kidogo, viwiko visitanuke kama mabawa bali vielekee nyuma kidogo, tumbo na matako vimebanwa, mwili kama ubao toka kisigino mpaka shingo. Siku tumbo linapoanza kuanguka, seti imekwisha, hata kama rafiki yako anaendelea kuhesabu. Acha daima mawili ao matatu ambayo ungeweza kufanya bado. Fanya seti tatu, kati yake pumzika dakika mbili.

Juu ya ngumi na vidole, tuseme wazi. Bruce Lee, mbele ya watu katika mashindano ya Long Beach huko Marekani mwaka 1964, alifanya mapompe kwa vidole viwili vya mkono mmoja. Tangu pale, vijana wa dunia nzima wanajivunja vidole. Bruce Lee alikuwa mtu mzima, na alikuwa akifanya mazoezi tangu ujana wake. Na hata yeye mwaka 1970 aliumia mgongo vikali katika mazoezi ya chuma, akakaa miezi bila mazoezi. Mapompe ya ngumi yana faida kwa mpiga karate kwa sababu yanafundisha kifundo cha mkono kukaa sawa na mfupa wa mkono wakati wa kupiga. Yafanye juu ya majani ao nguo iliyokunjwa, uzito ukiwa juu ya vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kati. Juu ya simenti, hapana. Na mtoto wa miaka kumi ao kumi na mbili, mifupa yake ingali inakua. Afanye kwa kiganja wazi, wakati wa ngumi utafika.

Miguu. Wachezaji wengi wa karate wanapenda mikono kwa kuwa inaonekana katika kioo, na wanasahau kwamba pigo linatoka chini. Judo vilevile: anayenyanyuliwa ni yule aliyesimama na miguu minyoofu. Anza na kuchutama: miguu imeachana kwa upana wa mabega, kisigino kinabaki chini, magoti yanafuata njia ya vidole na hayaingii ndani, unashuka kama mtu anayekaa juu ya kiti kidogo cha mama anayepika. Ishirini, mara tatu. Ukizoea, piga hatua ndefu mbele mpaka goti la nyuma linakaribia udongo, rudi, badilisha mguu. Baadaye kaa na upande juu ya banki kwa mguu mmoja tu. Mguu mmoja kubeba mwili mzima, hicho ni chuma cha kutosha hata kwa mwanaume wa kilo 80.

Kuna pia ile hali ya mpanda farasi ambayo walimu wa karate wanaipenda sana, miguu imetanuka, mapaja karibu sawa na ardhi, mgongo wima. Dakika moja ndani yake ni ndefu kuliko unavyofikiri. Ni mazoezi mazuri ya kuvumilia, lakini inakufundisha kukaa pahali pamoja. Mshindani hakai. Kwa hiyo uiongezee kuruka: ruka juu, tua polepole bila kelele, ngoja, ruka tena. Mara tano tu, seti tatu, siku ungali mpya na mwenye nguvu. Kuruka mara mia ukiwa umechoka kunaharibu magoti. Wengine wangali wanafanya mwendo wa bata, kutembea umechutama kabisa kuzunguka kiwanja. Sisi hatuupendi. Magoti mengi yameumia pale, na nguvu inayotoka humo unaweza kuipata kwa njia nyingine.

Na kuvuta? Hapa ndipo mazoezi ya lupango yanakosa mara nyingi. Mapompe yanasukuma, lakini mcheza judo anaishi kwa kuvuta: anashika kimono ya mwenzake na kuivuta mpaka mwisho. Tafuta tawi la mwembe lililo nene kama mkono wa mtu mzima na zaidi. Mti wa avoka usiuamini, matawi yake yanavunjika bila kutoa habari. Ning'inia kwanza, hesabu mpaka ishirini, mabega yakiwa yamevutwa chini na si kupanda kwenye masikio. Ukiweza, jivute mpaka kidevu kipite tawi. Usipoweza, panda juu ya kiti, shika tawi kidevu kikiwa juu, toa miguu, na shuka polepole kwa hesabu ya tano. Fanya hivyo mara nne ao tano. Baada ya majuma sita ao nane wengi wanapata ile ya kwanza ya kweli. Tena, pitisha kimono ya zamani ao taulo ngumu juu ya tawi, shika ncha zake mbili, na jivute hivyo. Vidole vitalia siku za kwanza. Ndivyo vidole hivyo vitakavyobaki juu ya kola ya mwenzako wakati wake vimefunguka.

Tumbo na mgongo hatutakawia. Shika mwili kama ubao, viwiko chini, nusu dakika mara tatu, kisha upande wa kuume na wa kushoto. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno. Lala kifudifudi, inua kifua kidogo. Daraja la kichwa, lile la kusimama juu ya kichwa na miguu ambalo wapiga miereka wanalifanya kwa ajili ya shingo, lisifanywe pasipo mwalimu kando yako. Shingo si goti. Ikiumia, ni maisha yote.

Sasa tuje kwenye pumzi. Nguvu na pumzi ni watu wawili wanaokaa nyumba moja, lakini hawali sahani moja. Nchi yetu yenyewe ilishuhudia. Tarehe 30 Oktoba 1974, wakati nchi ingali inaitwa Zaïre, George Foreman na Muhammad Ali walipigana ngumi Kinshasa, katika Stade du 20 Mai, ambayo leo ni Stade Tata Raphaël. Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mara 40 kwa 40, na 37 kati ya hizo mwenzake hakufika mwisho. Ali alikuwa na miaka 32. Kila mtu aliyejua ngumi aliogopa kwa ajili ya Ali. Ali akaegemea kamba, akafunga uso na mbavu kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman akapiga kweli, kwa nguvu zote, katika joto la usiku wa Kinshasa. Katika raundi ya nane mikono yake ilikuwa imekuwa mizito, na Ali akamwangusha. Wazee wetu wengi wanakumbuka kelele za "Ali, boma ye!" Wachache wanakumbuka asubuhi za N'Sele, Ali akikimbia kando ya mto mbele ya jua kuwaka. Na tusisahau, Ali alivumilia mapigo yale kwa gharama. Sisi hatukufundishi kupigwa. Tunasema tu kwamba mtu mwenye nguvu nyingi kuliko wote duniani aliishiwa kabla ya mwenzake.

Kimbia, basi. Mara mbili kwa juma, dakika ishirini mpaka thelathini, kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea na rafiki yako. Huo ndio msingi. Lakini chagua njia. Kukimbia kando ya balabala kubwa wakati malori ya madini yanapita ni kumeza vumbi lote la kipwa kwa mdomo wazi, maana mtu anayekimbia anavuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko anayetembea. Pita ndani ya kartie, ao kwenye kiwanja cha mupira, asubuhi wakati vumbi limelala. Kama huna njia nyingine isipokuwa ile ya malori, chukua kamba na ruka ndani ya lupango. Dakika tatu za kamba, moja ya kupumzika, mara nne: hiyo ni saa ya raundi za ngumi.

Kisha kuna pumzi ya pili, ile ya kupanda ghafla. Shindano la judo linachukua dakika nne, na ndani yake unapasuka, unapumzika kidogo, unapasuka tena. Mwaka 1996 Mjapani Tabata Izumi na wenzake waliandika juu ya vijana waliowafanyisha mazoezi juu ya baisikeli isiyosonga: segonde 20 kwa nguvu zote, segonde 10 kupumzika, mara saba ao nane, dakika nne basi. Baada ya majuma sita, pumzi ndefu na pumzi fupi vyote viwili vilikuwa vimepanda. Siku hizi watu wanatia jina la Tabata juu ya kila kitu cha dakika nne. Wale vijana lakini walikuwa wanashuka baisikeli wameishiwa kabisa. Wewe unaweza kufuata saa ile ile kwa kupiga mateke mepesi hewani, ao kukimbia pahali pamoja magoti juu, ao kuingia na kutoka kama katika judo bila kumwangusha mwenzako. Mara moja kwa juma yatosha, na si mwezi wa kwanza. Mtu ambaye bado hajakimbia dakika ishirini bila kusimama asiguse jambo hili.

Tufike kwa wale ambao tunawaza zaidi juu yao. Wako vijana wakubwa ambao mchana wanabeba mifuko ya mawe katika karieri, na mangaribi wanakuja sale. (Watoto hawana kazi katika karieri, sheria yenyewe inakataza, hapa tunasema na wenye umri.) Kijana huyo anasikia wenzake wakipigiwa hesabu, hataki kuitwa mlegevu, anaongeza mia ya kuchutama juu ya mgongo uliokwisha kubeba siku nzima. Ndugu yetu, kazi yako ni mazoezi tayari. Siku ulizobeba, acha miguu na mgongo. Ning'inia kwenye tawi, nyoosha mwili, fanya mapompe machache, fanya ufundi wa mchezo kwa mwendo wa chini. Kuchutama na kuruka uviweke siku ya kupumzika kazi. Hutakuwa nyuma. Nyama za mwili hazikui wakati wa kubeba. Zinakua wakati wa kulala, zikiwa zimekula.

Na kuna hatari moja ambayo haisemwi katika masale yetu. Mtu ambaye hajazoea akilazimishwa, kwa kushindana ao kwa adhabu, kufanya mamia ya kuchutama ao ya mapompe siku moja, misuli inaweza kuvunjika ndani na uchafu wake ukaingia katika damu mpaka kwenye figo. Dalili ni hizi: maumivu makubwa kupita yale ya kawaida, mkono ao paja limevimba na halina nguvu, na mkojo una rangi ya koka ao ya chai nyeusi. Hiyo haitaki masaji wala majani ya mti. Ni kwenda hospitali siku ile ile. Walimu, tunawaomba kwa heshima: mtoto aliyechelewa apewe kazi ya kufagia sale. Mapompe mia mbili kama fimbo yanamfundisha kuchukia mapompe, na yanaweza kumtia kitandani.

Wazazi, mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa SS asiingizwe katika mazoezi magumu pasipo neno la munganga. Hata mwenye AS, ambaye kwa kawaida yu mzima, apashwa kunywa maji na kupumzika wakati wa joto, na akisema amechoka asisukumwe. Mwenye homa ya malaria akae nyumbani. Malaria inakula damu, na homa ikiisha nguvu bado haijarudi. Aanze tena na nusu ya yale aliyokuwa akifanya. Kikohozi kisichokwisha majuma mawili, aonwe na munganga kabla ya kurudi kwenye kamba.

Chakula: bukari inakupa moto wa kukimbia, lakini haijengi nyama peke yake. Weka kando yake maharagi, ao ndakala, ao yai, ao kiganja cha karanga. Soya ikipatikana ni bora tena. Yale makopo ya unga yenye picha ya mtu mwenye mikono kama mapaja, acheni dukani. Kwa bei ya kopo moja jamaa nzima ingekula maharagi siku nyingi. Kunywa maji safi mbele na nyuma ya mazoezi. Na ulale: mwenye umri wa masomo anataka saa nane mpaka kumi, simu ikiwa mbali.

Mwenye kutaka mpango, huu hapa, aubadilishe kufuatana na siku za sale yake. Kazi moja: mapompe, kuvuta kwenye tawi, ubao. Kazi mbili: kukimbia polepole. Kazi tatu: miguu, kuruka kidogo, tumbo. Kazi ine, pumzika, ao ufundi tu. Kazi tano: tena mapompe na kuvuta, lakini kwa hali ngumu zaidi na hesabu ndogo zaidi. Siku ya posho asubuhi: kamba, ao zile dakika nne kama umefikia hapo. Kila mara dakika kumi za kupasha mwili moto kwanza, zaidi sana mwezi wa sita na wa saba wakati baridi ya asubuhi inakaza mishipa. Kila juma la nne, punguza vyote nusu.

Andika katika daftari: tarehe, namna gani, ngapi safi. Usiandike yale mabaya, hata kama yamefanyika. Baada ya miezi mitatu peleka daftari kwa mwalimu wako, ataona mara moja pahali unapodanganya na pahali unapokua.

Na wakati wa mvua, fanyeni ndani ya nyumba, mapompe na ubao havitaki nafasi kubwa kuliko mkeka. Kuruka kamba lakini, muulizeni mama kwanza, na muondoe taa na vyungu.